NYUMBA NA VYOMBO VYAKE: Filamu Imo Nyumbani, Ufunguo Uko kwa Mwenyewe

Hutokea mara nyingi jioni za mwisho wa juma. Jamaa wamekusanyika sebuleni, chai imekwisha kumiminwa, na kijana wa nyumba ameiunganisha simu yake na televisheni kwa waya wa HDMI ili wote waione filamu aliyoilipia. Picha za arusi ya dada yao, zilizomo ndani ya simu hiyo hiyo, zimeonekana vizuri katika kioo kikubwa. Lakini filamu inapoanza, kioo hubaki cheusi tititi. Sauti za waigizaji zasikika, pengine hata maandishi ya tafsiri yaonekana chini, bali watu wenyewe hawaonekani. Baba huilaumu televisheni, mama huulaumu waya, na siku ya pili huitwa fundi, ambaye hufungua kifuniko, hupuliza vumbi, hupokea ujira wake na kwenda zake. Aghalabu televisheni haikuwa na ubovu wowote. Filamu ile ilikataa kuonekana kwa makusudi, kwa kuwa hivyo ndivyo ilivyoamriwa na wenyewe.

Amri hiyo hutekelezwa na utaratibu unaoitwa ulinzi wa haki za kidijiti, au kwa kifupi DRM. Nyumba nyingi huishi nao kila siku pasipo kuujua, mpaka siku unapowakatalia jambo.

Asili yake ni hofu ya wenye filamu. Zamani za kaseti za video, aliyetaka kuiba kazi ya mwenziwe alipata taabu: nakala ya kwanza ilikuwa hafifu, nakala ya nakala ikawa na ukungu, na ya tatu ilikuwa mvua tupu. Ubovu huo wa kaseti ndio uliokuwa askari wa mwenye mali. Picha ya kidijiti haichakai. Nakala ya elfu ni sawa kabisa na ya kwanza, na kwa intaneti yaweza kufika mabara yote kabla ya magharibi. Filamu kubwa hugharimu mamilioni ya dola, na mtu aliyetumia fedha za namna hiyo hawezi kulaumiwa kwa kutafuta kufuli. Linalofaa kuulizwa ni kufuli hilo limewekwa wapi, na ufunguo wake ameshika nani.

KASHA NA UFUNGUO

Filamu inayotazamwa kwa intaneti haiji nzima kama mkanda. Hukatwa vipande vidogo vya sekunde chache chache, na kila kipande hutengenezwa kwa viwango kadhaa vya ubora, ili simu iweze kuchukua kizito mtandao ukiwa na nguvu na chepesi ukizorota. Kisha vipande hivyo hufumbwa, yaani hugeuzwa kuwa mchafuko wa tarakimu usiosomeka pasipo ufunguo. Ufunguo wenyewe ni namba tu, lakini ni moja miongoni mwa namba nyingi mno: hesabu ya funguo zinazowezekana huandikwa kwa tarakimu 39. Kuubahatisha ni kazi isiyokwisha hata kwa kompyuta zote za dunia.

Mtazamaji anapobonyeza alama ya kuanza, simu yake huona kwamba imepokea kasha lililofungwa. Hapo hupeleka ombi la leseni kwa kompyuta ya huduma, na katika ombi hilo hujitambulisha kwa siri iliyotiwa ndani yake kiwandani. Kompyuta ya huduma huchunguza: Je, ada ya mwezi imelipwa? Filamu hii inaruhusiwa katika nchi hii? Ni vyombo vingapi vinavyotazama wakati huu kwa jina hilo hilo? Na chombo hiki chenyewe ni cha kuaminika kiasi gani? Ikiridhika, hutuma ufunguo, nao umefungwa kwa namna ambayo simu hiyo peke yake ndiyo iwezayo kuufungua. Mambo yote haya hutimizwa kabla mtazamaji hajakaa sawasawa kitini.

Vyombo havisemi lugha moja katika jambo hili. Simu za Android na kivinjari cha Chrome hutumia kufuli liitwalo Widevine, mali ya Google tangu mwaka 2010. Vyombo vya Apple vina FairPlay. Kompyuta za Windows na televisheni nyingi zina PlayReady ya Microsoft. Ili kampuni ya filamu isilazimike kutunza nakala tofauti kwa kila kabila la vyombo, wataalamu waliafikiana juu ya namna ya pamoja ya kufumba picha, hata kasha moja likaweza kufunguliwa na wanaojua Widevine na wanaojua PlayReady, kila mmoja kwa leseni yake. Mwaka 2017, chama cha W3C kinachoweka kanuni za kurasa za intaneti kiliidhinisha mlango rasmi wa kuziunganisha kufuli hizi na vivinjari. Shauri hilo lilizusha ugomvi mkubwa, na shirika la Marekani la kutetea haki za watumiaji, Electronic Frontier Foundation, likajitoa katika chama hicho.

CHUMBA ASICHOINGIA MWENYE SIMU

Hapa ndipo lilipo jambo linalowakera wanunuzi wengi. Ndugu wawili wana simu mbili, wote wamelipia huduma ile ile, mtandao ni mmoja. Kwa huyu picha ni safi kama maji ya kisima, kwa yule ni ya ukungu. Wa pili hudhani ameibiwa vifurushi vyake.

Sababu ni ngazi za kuaminiwa. Katika Widevine ngazi ya kwanza ni ya simu ambazo ndani ya chipu yao kuu mmetengwa chumba maalumu. Ufunguo huingia humo, picha hufumbuliwa humo, na mpaka itoke kwenye kioo hapana programu nyingine iliyoweza kuichungulia. Hata mwenye simu, aliyeinunua kwa fedha zake halali, hana ruhusa ya kuingia katika chumba hicho. Ngazi ya tatu ni ya vyombo vinavyofanya kazi hiyo yote kwa programu ya kawaida, mahali ambapo mwizi hodari aweza kupenya. Kwa kuwa aghalabu picha bora hupewa ufunguo wake peke yake, huduma huunyima ufunguo huo chombo cha ngazi ya tatu. Netflix hukipa picha ya kiwango cha kawaida tu, hata kama kioo chake ni kizuri namna gani. Baadhi ya simu za bei nafuu hutoka kiwandani zikiwa katika ngazi hiyo, na katika baadhi ya simu nyingine fundi anayeufungua mfumo ili aweke mambo yake huiteremsha simu kutoka ngazi ya kwanza hadi ya tatu bila mwenyewe kuarifiwa.

Ama kile kioo cheusi cha sebuleni, hiyo ni kazi ya mlinzi mwingine, HDCP, aliyebuniwa na kampuni ya Intel. Huyu husimama kwenye waya. Simu na televisheni hubadilishana alama za siri kabla ya picha kupita. Ikiwa televisheni ni ya zamani, au kiunganishi kilichonunuliwa sokoni hakijui alama hizo, picha huzuiwa au hupunguzwa ubora. Picha za arusi hazikudai mlinzi, ndiyo maana zilipita. Na hapa pana kichekesho: funguo kuu za HDCP zilivuja mwaka 2010, na Intel yenyewe ikakiri. Kwa hiyo mwenye nia ya kunakili aliipata njia, na aliyebaki mlangoni akihojiwa ni baba wa watu na waya wake. Huo ndio udhaifu mkubwa wa kufuli hizi: filamu zilizoibiwa huzagaa mitaani zikiwa hazina kufuli lolote, na anayekutana na kufuli ni yule aliyelipa.

KILICHONUNULIWA NI NINI?

Jambo hili si la leo. Mwaka 1999 kijana wa Norway mwenye umri wa miaka 15, Jon Lech Johansen, pamoja na wenzake wawili wasiojulikana kwa majina, walitoa programu iliyofungua kufuli la sahani za DVD, ambazo hazikuweza kuonekana katika kompyuta zinazotumia Linux. Alishtakiwa. Mahakama ya Oslo ilimwachia huru Januari 2003, na rufaa ikaamuliwa vivyo hivyo Desemba mwaka huo, kwa hoja kwamba mtu hawezi kuwa mwizi wa sahani aliyoinunua mwenyewe. Marekani ilikuwa imekwisha kushika njia nyingine, kwani sheria yake ya mwaka 1998 ilikataza kuvunja kufuli la namna hiyo.

Lakini lenye funzo zaidi kwa nyumba ni lile la DIVX. Mwaka 1998 kampuni ya maduka ya Marekani, Circuit City, ilianza kuuza sahani za filamu kwa bei isiyofika dola 5. Mnunuzi alikwenda nayo nyumbani, na tangu kuianzisha alikuwa na saa 48 za kuitazama. Baada ya hapo sahani ilibaki mkononi mwake, ila hakuweza kuiona mpaka alipe tena. Mashine yake iliunganishwa na waya wa simu, nayo ilijipigia makao makuu kutoa taarifa. Waliopenda waliweza kulipa zaidi ili filamu iwe yao moja kwa moja. Watu hawakuuafiki mpango huo, na Juni 1999 ukatangazwa kusitishwa. Tarehe 7 Julai 2001 kompyuta za makao makuu zilizimwa. Tangu siku hiyo sahani hizo, ingawa hazikuwa na mkwaruzo hata mmoja, hazikufaa kitu tena.

Nguo ya kuazima haisitiri, walisema wahenga, lakini angalau mwazimaji hujua kwamba ameazima. Katika maduka ya filamu ya intaneti kitufe huandikwa “Nunua”, hali mnunuzi hupewa ruhusa tu ya kutazama maadamu muuzaji yupo na bado ana mkataba na wenye filamu. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2024, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 2025, inayomkataza muuzaji kutumia neno hilo kwa bidhaa za namna hii asipomwarifu mnunuzi waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Muuzaji anayempa mnunuzi nakala ya kuhifadhi daima, isiyohitaji intaneti, haguswi na sheria hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kumwita fundi, yafaa kwanza kujaribu televisheni yenyewe: ikiwa ina programu ya huduma hiyo ndani yake, itaomba leseni yake yenyewe wala haitahitaji waya wa simu. Anayenunua simu kwa ajili ya filamu na aulize dukani ngazi ya Widevine. Katika programu ya Netflix kwenye Android ngazi hiyo huonyeshwa ndani ya mipangilio. Na mama anayewapakulia watoto filamu kwa safari ndefu ya basi ajue kwamba kasha limo ndani ya simu, lakini leseni yake ina tarehe ya mwisho, na filamu nyingine hufungwa saa 48 baada ya kuanzishwa. Netflix huonyesha muda uliosalia unapopungua siku saba, nao waonekana katika orodha ya filamu zilizopakuliwa. Huo utazamwe nyumbani, kabla basi halijapita mji wa mwisho wenye mtandao.