Wasee, tuache kulipua michoro: dirisha la Voi si la Chicago

Nitasema kitu na wengine wenu mtakasirika. Kuchukua mchoro wa AutoCAD, kuuingiza kwa Revit, kuulipua ukawa vipande, halafu kuuita modeli, hiyo si kazi. Ni kulipua kwa maana zote mbili. Najua kwa sababu nilifanya, na aliyelipia ni shangazi yangu.

Alikuwa anajenga nyumba ya vyumba viwili hapa Voi, upande wa Mwakingali. Nilikuwa na faili ya zamani ya DWG, nikaiingiza, nikailipua, nikabaki na laini mamia kwa mamia. Madirisha ya mbele nikaweka mengine niliyopakua mtandaoni, ya Kimarekani, masafi kabisa. Ya nyuma nikaacha laini vile zilivyo. Kwa karatasi yote yalionekana sawa, nani angejua?

Revit ilijua. Hii programu haihesabu laini, inahesabu vitu. Jedwali la madirisha likasema 5. Nyumba ilikuwa na 8. Shangazi akaagiza chuma cha madirisha 5 kutoka Mombasa, cha yale 3 akaja kununua rejareja hapa mjini, bei ya kulia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Sawa mwanangu, umejifunza," na hiyo iliniuma zaidi.

Na hata hayo 5 yalikuwa na maneno. Fundi wa kuchomelea aliangalia mchoro, akaniangalia. "Kijana, hii dirisha inafunguka kwenda juu? Sasa grili naweka wapi? Na tundu za hewa?" Sikuwa na jibu. Kwenda juu lilikuwa milimita 1,219, yaani inchi 48. Kozi moja ya mawe yetu ni 200, kozi sita ni 1,200. Hizo 19 za ziada fundi wa mawe angezitafuta na nyundo.

Siku hizi nafungua templeti ya dirisha, naingiza DWG ya dirisha moja tu, na kwanza kabisa nahakikisha vipimo ni milimita (ukiacha inchi, dirisha linakuwa kubwa mara 25, unaweza kupitisha treni ya SGR). Silipui. Naitumia kama karatasi ya kunakilia. Juu yake naweka mistari ya marejeo, nafunga fremu na grili kwenye hiyo mistari, kisha upana na urefu navipa majina viwe parameta. Baada ya hapo DWG nafuta, kazi yake imeisha. Halafu naanza kulisumbua dirisha: upana 600, 900, 1,500. Grili ikivunjika, bado sijamaliza.

Utamu unakuja ukipata kazi ya Wundanyi. Huku Voi joto linakuchemsha, mtu anataka dirisha kubwa na tundu za hewa juu. Ukipanda Milima ya Taita, ambako kilele cha Vuria kinapita mita 2,200, mtu anataka dogo, linalofunga vizuri. Sichori tena. Nabadilisha namba mbili, nazima tundu nikitaka, nalipa jina jipya, na jedwali linahesabu lenyewe.

Najua mtasema wateja wa huku hawalipi pesa ya kukaa jioni nzima na dirisha moja. Kweli, hawalipi. Lakini jioni ni hiyo moja tu, nyumba ya pili hadi ya ishirini unachukua tu na kuweka. Na hizo za bure mnazopakua zina kila skrubu ndani, laptopu yangu ya RAM 4 huanza kupumua kama boda inayopanda Mwatate na magunia.

Tena tuwe wakweli: mtandaoni utapata dirisha la kuzuia theluji kwa sekunde mbili. Tafuta stendi ya tangi kama zile ziko kila ploti hapa Voi. Hakuna mtu Chicago ataamka asubuhi akatuchoree stendi ya tangi.

Dirisha langu nimeliweka bure, chukua, livunje, niambie limekatika wapi. Kesho naenda kwa yule fundi na tepu nipime stendi ya tangi la lita 5,000. Aliye na vipimo vya milango ya duka ile ya chuma ya kukunja anitumie, kabla sijaanza kubahatisha tena.