Dadu za Kericho na Haki ya Kura

Kericho, ambako Mei 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto na watu waliohofia kukosa kazi, niliwakuta vibarua kumi na mmoja wakiwania nafasi moja. Kila mmoja aligawiwa namba, tangu 2 hadi 12, zikarushwa dadu mbili. Mama mwenye 2 alirudi mikono mitupu, akaridhika kuwa ndiyo bahati yake.

Ndugu msomaji, tuhesabu. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka: 7 hupatikana kwa njia 6, 2 kwa njia moja tu. Kura bila dau si kamari, Nabii Yunus (A.S.) naye aliingia kurani jahazini. Lakini kura isiyo sawa ni dhuluma. Vikaratasi kumi na kimoja ndani ya kofia vingetosha.