Ritifaa Yasingiziwa Makosa ya Viendeshi

Wageni wawili wasipoelewana, aghalabu hulaumiana wao kwa wao, ilhali huenda mkalimani ndiye aliyeyapotoa maneno. Ndivyo yalivyo masaibu ya ng' katika tarakilishi. Neno ng'ombe linapokataa kuingia katika hifadhidata, au jina la Ng'ang'a linapotokea likiwa limevurugika katika orodha ya wanafunzi, ushauri unaotolewa upesi ni mmoja tu: iondolewe ritifaa. Ushauri huo ni mwepesi, nao ni wa kusikitisha.

Wanaoutetea hudai kuwa msomaji atang'amua maana kutokana na muktadha. Dai hilo lina ukweli wake katika sentensi kamili. Katika kamusi, hata hivyo, kidahizo husimama pekee. Ng'oa ni kukitoa kitu kilichojikita. Ngoa ni wivu au tamaa. Muktadha uko wapi hapo? Na katika majina athari ni kubwa zaidi. Mwanafunzi ambaye cheti chake kinasema Nganga huku kitambulisho chake kikisema Ng'ang'a huenda akalazimika kula kiapo mbele ya wakili ili kuthibitisha kwamba watu hao wawili ni yeye mmoja.

Kosa hasa liko wapi? Baina ya programu na hifadhidata huwepo kiendeshi, yaani mkalimani anayepeleka maagizo kwa seva na kurejesha majibu. Lugha ya SQL huzungushia matini alama ileile tunayoiita ritifaa. Programu ikiyaunganisha maneno kiholela na kutuma 'ng'ombe', seva hudhani matini imekoma baada ya ng, kisha hushindwa kujua ombe ni amri ya aina gani. Dawa yake inajulikana: agizo hupelekwa peke yake, na data hupelekwa kando, ili kiendeshi kisiweze kuvichanganya. Njia hiyo pia huzuia wahalifu kupenyeza amri zao ndani ya data, jambo ambalo lingetosha kuwashawishi hata wasiojali tahajia.

Wengi hawakuifuata dawa hiyo kwa sababu walikuwa na nafuu ya bandia. Lugha ya PHP ilikuwa na utaratibu wa kuongeza mkwaju wa nyuma kabla ya kila ritifaa bila kuulizwa. Toleo la 5.4, lililotoka mwaka 2012, liliuondoa utaratibu huo, na programu zilizoutegemea zikaachwa bila kinga. Mnamo 2015, toleo la 7.0 likakiondoa kabisa kiendeshi kikongwe cha MySQL. Kisha mwaka 2018 ikaja MySQL 8.0, iliyobadilisha namna ya kawaida ya kuthibitisha nywila na pia seti ya kawaida ya herufi, kutoka latin1 hadi utf8mb4. Viendeshi vingi vya zamani vilishindwa hata kubisha hodi.

Kisa cha kuvutia zaidi ni cha ritifaa iliyopinda, ile ambayo programu za kuchapia huiweka zenyewe. Katika UTF-8 alama hiyo huandikwa kwa baiti 3. Kiendeshi cha zamani, kikiwa kimeiambia seva kwamba kinasema latin1, huzifanya baiti hizo kuwa herufi 3 mbalimbali. Ajabu ni kwamba kikizisoma tena kwa uongo uleule, neno huonekana sahihi. Miaka hupita. Siku kiendeshi kinapobadilishwa na kipya kinachosema utf8mb4, ndipo kamusi nzima inapojaa ngâ€™ombe na ngâ€™ambo. Kiendeshi kipya hulaumiwa na kurudishwa kabatini, ilhali hakikuharibu chochote. Kilichofanya ni kufichua uharibifu uliokuwapo tangu mwanzo.

Uchunguzi wake hauhitaji uganga. Huchukuliwa neno moja, huandikwa matoleo ya seva, ya kiendeshi na ya lugha ya programu, kisha kitu kimoja tu hubadilishwa kwa wakati mmoja. Amri ya HEX huonyesha kilichohifadhiwa hasa: katika jedwali la UTF-8, ritifaa iliyopinda ikiwa salama ni E28099, na iliyonyooka ni 27. Mahali pa E28099 pakionekana baiti 8, data iliharibika wakati wa kuingizwa. Atakayebadilisha kiendeshi bila kuangalia hapo anaweza kutengeneza hifadhidata yenye nusu ya maneno mazima na nusu mabovu, na hiyo ni kazi ngumu mno kuisafisha.

Inashangaza kwamba idara za Kiswahili, zinazojadili istilahi za tarakilishi kwa bidii, huwaachia mafundi peke yao kazi ya kujaribu mifumo inayohifadhi lugha yenyewe. Fundi hujaribu kwa majina kama John na Mary, na yote hupita. Mwanafunzi wa isimu angempa orodha ya kumtoa jasho: ng'ang'ania, Nyong'o, ng'oa na ngoa kwa pamoja, ritifaa iliyonyooka na iliyopinda, na mstari mmoja wa hati za Kiarabu ambazo kwazo tenzi za kale ziliandikwa. Mstari huo ukipitishwa katika latin1 hurudi ukiwa alama za kuuliza tupu, na hakuna kiendeshi kitakachoweza kuurejesha.