Jenereta na Usingizi wa Jirani

Umeme ukikatika usiku huko Keko, dakika chache tu hupita kabla jenereta la kwanza halijavutwa kamba. La pili hufuata, na la tatu, hata mtaa mzima ukanguruma kama kituo cha malori. Wako wasemao kwamba hiyo ndiyo gharama ya maendeleo, na asiyependa kelele ahamie shamba. Sisi hatukubaliani nao.

Twajua vema kwa nini majenereta yaliingia mitaani. Mwaka 2006, na tena mwaka 2011, mgao wa umeme uliwafunza wafanya kazi wa Dar es Salaam kutotegemea waya peke yake. Seremala wa Keko, ambaye makabati na vitanda vyake vimejaa katika nyumba za mji huu, hawezi kumwambia mteja kwamba randa imelala kwa sababu nguzo imeanguka. Tangu Februari 2024, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipoanza kutoa megawati 235 kati ya 2,115 zilizokusudiwa, hali imekuwa nafuu. Lakini bwawa la Rufiji haliwezi kuzuia transfoma ya mtaa kuungua. Jenereta bado lipo, na mwenye nalo hatumlaumu kwa kuwa nalo.

Tunachomdai ni kufikiri mahali anapoliweka. Nyumba za Keko zimebanana, na desturi ya wengi ni kulisukuma jenereta uchochoroni, kati ya ukuta wake na ukuta wa jirani. Hapo ndipo pabaya kuliko pote. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidi mara mbili kelele hupungua kwa desibeli 6 hivi. Uchochoroni kuta mbili huirushiana sauti kama watoto wanaocheza mpira, na yule aliyelala nyuma ya dirisha ndiye anayeipokea yote. Huenda mtu huyo ni mlinzi au utingo anayetakiwa kazini alfajiri. Naye ni mfanya kazi kama seremala, na usingizi ndio akiba yake.

Lakini liko jambo zito kuliko usingizi. Mtu mwema, akiona haya kwa majirani zake, huliingiza jenereta ndani, akalifungia jikoni, stoo au ukumbini ili sauti isitoke. Tunasema kwa nguvu zetu zote: asifanye hivyo kamwe! Moshi wa petroli una hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia katika damu na kuizuia isichukue oksijeni. Mtu huumwa kichwa, hulegea, husinzia, na haamki. Kufungua dirisha moja hakutoshi. Uchochoro wenye madirisha ya vyumba vya kulala nao si salama. Afadhali jirani anune asubuhi kuliko aje kubeba jeneza.

Basi kelele zipunguzwe nje huko huko, na njia zipo zisizohitaji fedha nyingi. Kwanza mtu atazame bomba la moshi: sailensa iliyooza kwa kutu haizuii kitu, na kuibadilisha kwa inayolingana na injini ile ndilo jambo la mwanzo. Wapo wanaotumbukiza bomba katika ndoo ya maji. Hao huisonga injini na kuifupishia maisha. Pili, mtetemo. Jenereta lililokaa juu ya sakafu ya saruji iliyoungana na nyumba huifanya nyumba nzima kuwa ngoma. Vipande vya tairi kuukuu chini ya miguu yake, juu ya mchanga, huondoa sehemu kubwa ya mngurumo ule wa chini unaopita ukutani. Tatu, kizuizi kizito cha matofali au mbao nene, kilichosimama kati ya mashine na madirisha, kirefu kuipita mashine, na kilichoachana nayo mita moja hivi ili ipate kupumua. Bati jembamba halifai, lenyewe hulia. Wala mafundi wetu wasishawishike kukibandika ndani sponji ya makochi, kwa kuwa sponji hiyo huwaka upesi karibu na bomba la moto.

Wengine hudhani kwamba wakipunguza mwendo wa injini wamemaliza kazi. Majenereta mengi madogo ya kawaida hutakiwa kuzunguka mara 3,000 kwa dakika ili kutoa umeme wa kipimo cha nchi yetu. Ukiyapunguza mwendo, unaharibu friji na mota. Yale ya inveta ndiyo yanayoweza kupunguza mwendo wenyewe kazi ikiwa ndogo, lakini bei yake si ya kila mtu.

Na hapa tunauliza: je, ni lazima mashine iwashwe usiku kucha kwa ajili ya taa tatu na simu mbili? Betri yenye inveta huifanya kazi hiyo bila sauti hata kidogo. Jenereta na liachiwe msumeno na randa, mchana.

Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zilitungwa mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, nazo hutofautisha usiku na mchana. Hatupendi kuona kila ugomvi wa uani ukipelekwa kwa mabwana wa mazingira. Mwenyekiti wa mtaa aweza kuwaita wenye mashine na majirani zao, wakakubaliana saa ya kuzima, nasi twapendekeza saa nne usiku. Mwenye mgonjwa anayetegemea kifaa cha umeme asihesabiwe katika mapatano hayo. Huyo asaidiwe kujenga kizuizi chake kabla ya wengine wote.