Hoteli za familia Bariadi ni soko la mkulima

Ukizungumzia uchumi wa Simiyu, wa kwanza kutajwa ni mkulima wa pamba, kisha mnunuzi na mwenye kiwanda cha kuchambua. Familia inayouza chakula mjini Bariadi miaka nenda rudi, mama akimwachia binti au mkwe, haitajwi. Kwa hesabu za uchumi wa kilimo, hilo ni kosa.

Pamba humpa mkulima fedha mara moja kwa mwaka. Hoteli ya chakula hununua kila siku: unga wa mtama kwa ajili ya ugali, mlenda, michembe, karanga, maziwa, nyama, samaki na dagaa wa Busega. Kwa mama mwenye bustani ya mboga, hilo ni soko lisilosubiri msimu.

Hoteli hizi ni sehemu ya historia ya mji. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya pamba Kanda ya Ziwa viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions. Vyama vikuu vikafutwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na mwaka 1994 wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kununua pamba. Mwaka 2018 ununuzi ukarudi kupitia AMCOS. Mlipaji alibadilika kila mara, lakini mkulima anayefuatilia malipo yake mjini ni lazima ale. Msimu wa 2019, bei elekezi ilikuwa Sh1,200 kwa kilo, wanunuzi wakasita na malipo yakachelewa kwa miezi. Katika hali kama hiyo, daftari la madeni la mwenye hoteli ndiyo benki ya mnyonge.

Tatizo ni kwamba mipango yetu haimwoni mtu huyu. Bariadi ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga hadi mwaka 2012, ilipokuwa makao makuu ya mkoa mpya. Mji unapokua, pango nalo hupanda. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inawalenga wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kwa kawaida hutolewa kwa vikundi. Familia iliyopika miaka 30 si kikundi, na benki nayo inadai hati ya nyumba ambayo mpangaji hana.

Wapo watakaosema soko liamue, na kwamba baadhi ya hoteli hizi ni chafu. Usafi ni lazima, na bwana afya afanye kazi yake bila huruma. Lakini nani atajenga jiko la kudumu kwenye chumba anachoweza kuondolewa mwakani?

Halmashauri iwape wapangaji wa muda mrefu mikataba ya miaka mitano au zaidi, kwa masharti ya usafi na ya kununua mazao ya wakulima wa karibu. AMCOS nazo zisiishie kwenye pamba. Zikusanye mtama, karanga na viazi vya michembe na kuziuzia hoteli kwa jumla.

Nane Nane ya kitaifa ilifanyika Nyakabindi mwaka 2018 hadi 2020, kisha wageni wakaondoka. Mwenye hoteli alibaki, na kesho asubuhi atanunua tena mboga. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.