Jaketi na Safari Yake
Julai 1989, wanaume sita kutoka Marekani, Ufaransa, Uingereza, Umoja wa Sovieti, China na Japani walianza kuivuka Antaktika kwa sleji za kukokotwa na mbwa. Walimaliza Machi 1990. Karibu na mwisho, mmoja wao, Mjapani Keizo Funatsu, alipotelea kwenye dhoruba, akajifukia thelujini usiku kucha hadi wenzake walipompata. Mwaka 2017 kampuni za mavazi The North Face na Supreme zilitoa majaketi ya kuukumbuka msafara huo. Ni jambo jema. Vazi laweza kutunza kumbukumbu, kama khanga inavyofanya. Ila wale sita walitaka bara lile lilindwe, na mwaka 1991 mkataba wa kimataifa uitwao Itifaki ya Madrid ulipiga marufuku uchimbaji wa madini huko. Muuzaji alieleze hilo, na mvaaji alijue. Jina la safari lisiuzwe bila sababu yake.