Vigurudumu vya Baiskeli ya Kukunja

Brompton, baiskeli ikunjwayo itengenezwayo London, ina vigurudumu vidogo vya kuisukumia ikiisha kukunjwa. Vikivunjika, huenda ukabeba mkononi kilo 11 au zaidi. Mwenye mgongo mbovu ajua maana yake.

Ukitaka kununua vingine, usiulize bei kwanza. Pima tundu la boliti. Vya plastiki tupu hupiga kelele na kukwama penye ufa wa saruji. Afadhali vyenye gololi ndani na mpira nje. Vikubwa huviringika vizuri zaidi, lakini vikizidi, kisigino hugonga ukanyagapo pedeli. Mchangani, hata vya ghali havifai kitu. Na ndani ya basi vikitaka kukimbia, shusha kiti kabisa, nguzo yake iguse sakafu, baiskeli itatulia.